Propela Ndiyo Inayoamua: Kweli na Uzushi Kuhusu Mota na Betri za Ndege za Mfano

Anayeanza kurusha ndege za mfano za umeme hununua mota na betri kwa kusoma namba. Mota imeandikwa 1000 Kv, betri imeandikwa 3S 2200 mAh 30C, naye ana swali moja tu: je, hivi viwili vinapatana? Majibu anayopewa na wenzake mengi ni ya kurithishana, na yasiyo sahihi humtia hasara. Mota hutoa moshi, betri huvimba, ndege huanguka sekunde chache baada ya kuachwa mkononi. Hapa nimeyakusanya madai ninayoyasikia mara kwa mara. Karibu yote yana kasoro moja, nayo ni kuzungumzia mota na betri kana kwamba propela haipo. Kumbe propela ndiyo inayoamua ni ampea ngapi zitapita kwenye nyaya.

Ili hesabu zisielee hewani, nitatumia ndege moja hadi mwisho: ndege ya kujifunzia ya povu, mabawa mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, uzito kilo 1.2 pamoja na betri yake ya seli tatu.

"Kv kubwa ni nguvu kubwa."

Si kweli, na hili ndilo kosa mama. Kv hueleza mota ingezunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja kama isingekuwa na mzigo wowote. Mota ya 1000 Kv ikipewa volti 11 bila propela itakaribia mizunguko 11,000 kwa dakika. Ifunge propela, itashuka.

Sasa mpe fundi wa kusuka mota stata mbili (sehemu ya chuma isiyozunguka) zinazofanana kabisa. Moja aisuke mizunguko 12 ya waya kwa kila jino, nyingine mizunguko 6 ya waya mnene zaidi, shaba iwe kiasi kile kile. Ya pili itakuwa na Kv mara mbili ya ya kwanza, lakini uwezo wa kazi wa mota hizo mbili ni uleule. Tofauti yao ni kwamba ya kwanza inataka volti nyingi na ampea chache, ya pili inataka volti chache na ampea nyingi. Hata nguvu ya kusokota inafuata hesabu hiyo: gawanya 9.55 kwa Kv, utapata nyutoni-mita kwa kila ampea. Mota ya 500 Kv inasokota mara mbili ya ile ya 1000 Kv kwa ampea ileile. Ndiyo maana Kv ndogo hupewa propela ndefu ya mwendo wa taratibu, na Kv kubwa hupewa propela fupi yenye mbio.

Nguvu yenyewe inatoka kwenye ukubwa wa mota: shaba, chuma, sumaku, na nafasi ya joto kutokea. Kwa hiyo mzani wa jikoni utakueleza mengi kuliko Kv. Kadirio linalotumiwa na wengi kwa mota ambazo ganda lake la nje ndilo linalozunguka ni wati 3 kwa kila gramu ya mota, kwa muda mfupi. Ndege yetu ikihitaji wati 265, tunatafuta mota ya gramu 90 hivi. Usitegemee namba nne zilizochapwa kwenye ganda. Mtengenezaji mmoja akiandika 2212 anamaanisha stata yenye kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 12. Mwingine hupima ganda la nje, na mota ya ukubwa unaokaribiana na huo ikapata namba tofauti kabisa.

Nimezitoa wapi wati 265? Kwenye uzito. Ndege ya kuelea kwa utulivu huridhika na wati 150 hadi 180 kwa kilo. Ndege ya kujifunzia inayotakiwa kupanda vizuri, hata kupiga mduara mmoja angani, inataka kama 220. Zile zinazosimama wima juu ya propela zinazidi 350. Kilo 1.2 mara 220 ni wati 264. Betri ya seli tatu ikiwa kazini hushuka hadi karibu volti 10.6, kwa hiyo tunazungumzia ampea 25. Mota ya gramu 90 yenye Kv ya 1000 ikifungwa propela ya 10×6 itafika humo, ikizunguka karibu mara 9,000 kwa dakika. Namba 10 ni kipenyo kwa inchi. Namba 6 ni hatua, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa haitelezi.

Mpangilio wa kufikiri ndio huo: ndege kwanza, kisha wati, kisha propela, kisha mota ya kuizungusha, na betri mwishoni.

"Betri yenye ampea nyingi itaunguza mota."

Si kweli. Nyaya za umeme za mtaani zina uwezo wa mamia ya ampea, lakini chaja ya simu ikichomekwa inachukua kiasi chake kidogo tu. Betri ya 2200 mAh yenye 30C ina uwezo, kwa mujibu wa lebo yake, wa kutoa ampea 66 (ujazo wa 2.2 Ah mara C ya 30). Mota yetu itavuta 25 kwa sababu propela ya 10×6 inadai 25. Weka betri ya 5000 mAh yenye 50C, ambayo lebo yake inafikia ampea 250, mota haitapelekewa 250.

Kuna jambo dogo la kweli ndani ya uzushi huu. Betri bora haishuki volti sana ikibanwa, kwa hiyo mota itazunguka kasi kidogo zaidi na kuvuta ampea kidogo zaidi. Mota iliyokuwa imeshafikishwa ukingoni inaweza kuvuka mpaka kwa ajili hiyo. Hapo propela ilikuwa imezidi tangu mwanzo, na betri chovu ndiyo iliyokuwa inaificha kasoro.

"Seli moja ya ziada ni nyongeza ndogo tu."

Si kweli, na uzushi huu umeunguza mota nyingi. Seli ya LiPo (lithiamu-polima) ina volti 3.7 za kawaida na 4.2 ikijaa. Kutoka seli tatu kwenda nne unapanda kutoka volti 11.1 hadi 14.8, ongezeko la theluthi moja. Theluthi moja haitishi mtu. Lakini wati ambazo propela inadai hupanda kwa mchemraba wa kasi: kasi ikipanda mara 1.33, mzigo unapanda mara 2.37, na ampea karibu mara 1.78. Ndege yetu iliyokuwa inatumia wati 265 kwa ampea 25 sasa inadai zaidi ya wati 600 kwa ampea 44. Punguza kidogo kwa kuwa volti hushuka ndani ya nyaya na ndani ya betri yenyewe, bado mota ya gramu 90 haina pa kulipeleka joto hilo. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zinapozidi nyuzi joto 80, na zilichopoteza hazikirudishi zikipoa. Mota inayodhoofika hivyo huonekana nzima ukiitazama kwa macho. Dalili ni kwamba inavuta ampea nyingi kuliko zamani na kutoa msukumo mdogo.

"Lakini mota yangu imeandikwa 3S–4S." Hapo ni nusu kweli. Maandishi hayo yanamaanisha inaweza kutumika kwa seli tatu au nne, kila moja kwa propela yake. Ukipandisha seli, sharti ukate propela. Kwa makadirio ya haraka, mzigo wa propela unafuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne, mara hatua. Propela ya 8×6 ina takriban asilimia 41 ya mzigo wa 10×6, na hiyo ndiyo inayofidia seli ya nne, ukarudi kwenye wati zilezile.

Umepata nini, basi? Zidisha mizunguko kwa dakika kwa hatua kwa inchi, kisha mara 0.001524, utapata kilomita kwa saa ambazo propela ingekwenda bila kuteleza. Kwa seli tatu na 10×6 zinatoka 82. Kwa seli nne na 8×6 zinazidi 105. Sasa una propela ya ndege ya mashindano kwenye ndege ya kujifunzia, yenye mbio ambazo mwili wake wa povu hauwezi kuzitumia na mvuto dhaifu pale inapopaa. Anayetaka seli nne kwenye ndege hii namshauri anunue mota ya ukubwa uleule yenye Kv karibu 750, abaki na 10×6. Atapata wati zilezile kwa ampea 19 hivi, nyaya zitapoa, na betri haitabanwa.

"C iliyoandikwa kwenye betri ni ahadi."

Ingefaa iwe hivyo. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanalazimika kukifuata, na betri mbili zenye 50C kwenye karatasi zinaweza kutofautiana sana zikiwa kazini. Kinachosema kweli ni ukinzani wa ndani, ambao chaja nyingi za kisasa hupima seli kwa seli, kwa miliomu. Seli tatu zenye miliomu 10 kila moja zitapoteza volti 0.75 kwenye ampea 25. Zikizeeka zikafika miliomu 30 kila moja, zitapoteza volti 2.25: kutoka 11.1 unabaki na chini ya 9. Kidhibiti mwendo, kile kifaa ambacho warushaji hukiita ESC, huhesabu kuwa betri imekwisha na kukata mota. Ndege inakatikiwa na nguvu ikiwa ndiyo kwanza inapaa, huku betri ikiwa bado na chaji nyingi. Mwenye ndege huilaumu mota, akabadilisha mota nzima kwa kosa la betri.

Mimi hukata lebo ya C kwa nusu ninapochagua. Nikihitaji ampea 25 kutoka betri ya 2200 mAh, hesabu inataka kama 11C. Ya 25C kwenda juu inatosha.

"Seli za laptop kuukuu zinafaa."

Hili linawahusu wengi wetu, kwa sababu mafundi wa laptop wanazo nyingi na bei yake ni ndogo. Seli hizo za mviringo ziitwazo 18650, kama zilitoka kwenye laptop, zilitengenezwa kutoa umeme polepole kwa saa kadhaa. Nyingi hazitakiwi kuzidi mara mbili ya ujazo wake, yaani karibu ampea 5 kwa seli. Ili ufikie ampea 25 kwa seli tatu mfululizo, unahitaji safu tano sambamba: seli 15. Kila moja ina uzito wa gramu 45 hivi, jumla gramu 675. LiPo ya 3S 2200 inayofanya kazi hiyo ina gramu 180. Ndege ya kilo 1.2 haibebi mzigo huo ikabaki kuwa ndege ya kujifunzia.

Zipo 18650 za aina nyingine, zilizotengenezwa kwa ajili ya drili na vifaa vinavyovuta sana, kama Samsung 30Q yenye 3000 mAh na ampea 15 mfululizo. Seli sita, tatu mfululizo na safu mbili sambamba, hutoa ampea 30 kwa chini ya gramu 300, na ujazo wa 6000 mAh. Kwa ndege inayoelea kwa utulivu muda mrefu ni chaguo zuri sana. Kwa hiyo dai ni kweli kwa 18650 zinazofaa, si kweli kwa zile za laptop. Umbo lake halikuambii chochote. Soma jina la modeli lililochapwa kwenye ganda.

"Betri kubwa zaidi, muda mrefu zaidi hewani."

Kweli, ila si kwa uwiano unaotarajiwa. Ndege yetu ikitumia asilimia 80 ya 2200 mAh kwa wastani wa ampea 10, inakaa hewani dakika kumi na nusu hivi. Ongeza betri ya pili kama hiyo. Uzito unapanda kutoka kilo 1.2 hadi 1.38, na nguvu ya kuibeba ndege hewani inapanda haraka kuliko uzito wenyewe: uzito mara kipeuo cha pili cha uzito. Muda utaongezeka kwa karibu asilimia 60, haurudufiki. Ukiweka betri nne utapata mara 2.3 tu ya muda wa mwanzo, na ndege ya gramu 1,740 itakayotua kwa kasi iliyozidi ile ya awali kwa asilimia 20. Kwa mwanafunzi, asilimia 20 ya kasi ya kutua ndiyo inayotenganisha ndege inayoteleza kwenye nyasi na ndege inayovunjika pua. Mbili ndiyo mwisho wangu kwa ndege hii, tena ikiwa tu kitovu cha uzito kitabaki mahali pake.

"Umeme ni wa ndege za kuchezea, ndege ya kweli inataka injini ya mafuta."

Kanali H. J. Taplin aliirusha ndege ya mfano Radio Queen nchini Uingereza tarehe 30 Juni 1957 kwa mota ya umeme na betri za fedha na zinki. Fred Militky, aliyeunda ndege za mfano za umeme kwa ajili ya kampuni ya Graupner, hakuishia kwenye mfano: tarehe 21 Oktoba 1973, huko Wels nchini Austria, rubani Heino Brditschka aliruka ndani ya MB-E1, ndege iliyotokana na kazi ya Militky na iliyombeba mtu kwa betri za nikeli-kadimi. Betri za aina hiyo zilikuwa na nishati chini ya nusu ya ile ambayo LiPo ya leo inayo kwa uzito uleule. Mafuta bado yanashinda kwa muda wa kukaa hewani, na hilo halina ubishi. Kwa msukumo, hayashindi.

"ESC kubwa huisukumia mota ampea nyingi."

Si kweli, kwa sababu ileile ya betri. Kwa ampea 25 nafunga ya 40 bila wasiwasi, na hasara pekee ni gramu chache. Uzushi wa hatari zaidi ni ndugu yake: kwamba propela ikizidi si neno, mradi hufungui kijiti cha mwendo hadi mwisho. ESC haipunguzi volti taratibu, bali huwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiwa nusu, ampea zinazozunguka ndani ya mota ni nyingi kuliko zile mita inazoonyesha kwenye waya wa betri. Kweli mzigo unapungua, ila si kwa kiasi unachodhani. Na siku ndege itakapokuwa inaelekea mtini utafungua kijiti chote, kwa sababu utalazimika.

Mota ikizunguka kinyume, badilisha nafasi za nyaya zozote mbili kati ya tatu zinazotoka kwenye ESC. Hilo ni kweli na halina madhara. Kugeuza waya wa betri ni jambo jingine kabisa: ESC hufa papo hapo.

"LiPo iishe kabisa kabla ya kuchajiwa."

Si kweli. Ni urithi wa nikeli-kadimi. LiPo ikishuka chini ya volti 3 kwa seli huharibika, na ikikaa imejaa wiki nzima huzeeka. Kama huruki kesho, iache kwenye volti 3.8 kwa seli.

"Kifurushi kilichofanya kazi Dar kitafanya kazi vilevile Nairobi."

Si kweli, na wanaohama na ndege zao hushangaa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 ukilinganisha na pwani. Propela ileile kwa mizunguko ileile inashika hewa kidogo: msukumo unapungua, na ampea nazo zinapungua. Wakati huohuo mabawa yanahitaji kasi kubwa zaidi, kama asilimia 9, ili yabebe uzito uleule. Mrushaji wa Nairobi ana nafasi ya kuongeza hatua ya propela kwa inchi moja. Kutoka 10×6 kwenda 10×7 mzigo unapanda kwa karibu asilimia 17, unaziba pengo la ampea na kuongeza kasi. Hatari iko kwenye safari ya kurudi. Akiteremka Mombasa na 10×7 yake, kwenye hewa nzito na joto la mchana, mota iliyokuwa na raha bara itavuta zaidi ya ampea 29.

"Mita ya wati ni anasa."

Hapa sina subira. Mita ya wati ni kifaa kidogo kinachokaa kati ya betri na ESC, na bei yake kwa kawaida ni chini ya bei ya mota unayoihatarisha. Funga ndege imara mezani, simama nyuma ya propela, kamwe si ubavuni mwake, anza na propela ndogo kuliko unayokusudia, betri ikiwa imejaa. Fungua kijiti chote kwa sekunde kumi, soma ampea na volti, funga, chomoa betri, kisha gusa mota. Ikiwa huwezi kuacha kidole juu yake, shuka ukubwa wa propela hata kama mita inasema uko salama. Ikiwa ni vuguvugu na ampea ziko chini, panda hadi 10×6. Hewani ampea zitapungua kidogo kwa sababu ndege ikisonga mbele propela hupata nafuu, kwa hiyo kipimo cha mezani ndicho kikali zaidi. Na propela ikivunjika ukanunua ya kampuni nyingine yenye inchi zilezile, pima upya. Umbo na unene wa majani hutofautiana, na 10×6 mbili za watengenezaji wawili hazivuti ampea sawa.